Aliyepika Naye Amwone Bibi Harusi

Vigelegele vya harusi ya dada yangu nilivisikia nikiwa nyuma ya nyumba, nimeinamia beseni la ndizi, mikono myeusi kwa utomvu. Msafara ulipoingia uani niliujua kwa honi. Keki ilipokatwa nilijua kwa makofi. Gauni lenyewe nililiona vizuri asubuhi ya pili yake, likiwa limetundikwa mlangoni, mwenyewe keshaondoka. Kando yangu alikuwapo mama mdogo, aliyepanda basi tangu alfajiri ili amwoze mwana wa dada yake. Alikaa kwetu siku tatu na hakuketi hata mara moja kwenye kiti cha turubai. Nilipomsindikiza stendi akaniuliza, "Hivi harusi ilipendeza?" Aliniuliza mimi, niliyekuwa naye jikoni.

Tangu siku hiyo nina kipimo kimoja cha harusi ya nyumbani: imefana ikiwa aliyepika ameiona. Mwongozo huu ni wa kufika hapo. Nimeuandika kwa sheria saba kwa sababu Desemba ya Kilimanjaro ni serikali kamili, ina mawaziri wengi, wapinzani wengi zaidi, na bajeti isiyotosha. Serikali ya namna hiyo haiendeshwi kwa nia njema peke yake.

Kwanza tuelewe mbona balaa lote hili la baraka linatuangukia wakati mmoja. Desemba watu wa mlimani tunarudi nyumbani. Wenzetu hututania kwamba tunakwenda kuhesabiwa. Aliye Dar es Salaam, Mwanza au Mbeya atakuwa Rombo, Marangu, Machame au Kibosho kabla ya mkesha wa Krismasi. Ukoo ukishakutana, ndipo ubatizo, kipaimara na harusi hupangwa, kwa kuwa hakuna mwezi mwingine utakaowakusanya wajomba wote bila kuwalipia nauli. Kwa Wakatoliki kuna sababu ya ziada: parokia nyingi hazifungishi ndoa wakati wa Majilio, kwa hiyo harusi zote zilizosubiri hujazana baada ya tarehe 25. Na Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inataka notisi itolewe siku 21 kabla. Anayetaka kufunga ndoa tarehe 27 Desemba awe ameshatoa notisi kufikia tarehe 6. Basi kabla hujauliza bei ya mbuzi, uliza kama maharusi wameshaandikishwa.

SHERIA YA KWANZA: KALENDA ANAISHIKA MPIKA MBEGE

Kamati huketi na kalenda ya ukutani, ikapanga kikao, sare na magari. Mimi nasema kalenda apewe bibi anayepika mbege, sisi wengine tumfuate. Mbege haikubali haraka ya mtu yeyote, hata awe mwenyekiti wa kamati.

Ndizi huvundikwa kwanza hadi ziive kabisa. Kisha huchemshwa kwa saa nyingi mpaka zigeuke rangi, zikaachwa siku kadhaa zichachuke. Hiyo ndiyo nyalu. Pembeni kuna ulezi uliolowekwa, ukaoteshwa, ukaanikwa na kusagwa. Ulezi huo hupikwa uji pamoja na gome la msesewa, ambalo ndilo linaloleta ule uchungu wake. Uji huo huitwa mso. Vikichanganywa nyalu na mso, pombe huwa tayari baada ya siku moja hivi, na ikipitiliza huchacha hadi ikawa ya kukunja uso.

Hesabu kwa kurudi nyuma. Harusi ikiwa tarehe 28, mchanganyo ufanyike tarehe 27, ndizi zichemshwe karibu na tarehe 20, na kuvundika kuanze wiki moja kabla yake. Utaona kwamba tarehe 13, wakati kamati bado inagombana kuhusu rangi ya tai, bibi yuko kazini tayari. Mpelekeeni kuni na maji siku hiyo. Wazee wakishika kata na kunyamaza kidogo kabla ya kusema "aika", yaani asante, mjue kwamba nusu ya harusi imeshafaulu.

SHERIA YA PILI: HESABU VICHWA, ACHANA NA KADI

Kadi inasema watu wawili. Mlimani, mwenye kadi huja na mtoto, mtoto huja na rafiki yake, na jirani asiye na kadi huja kwa sababu ni jirani. Wote ni wageni halali. Kuwahesabu kabla hawajafika ni sehemu ya ukarimu. Kuwahesabu wakiwa kwenye foleni ni aibu kwao na kwako.

Mimi napiga hesabu ya kilo 1 ya mchele kwa watu 8, na kilo 1 ya nyama yenye mifupa kwa watu 4 au 5. Wageni 200 wanataka mchele kilo 25 na nyama kilo 40 hadi 50. Kisha naongeza sehemu moja ya kumi kwa ajili ya jirani, na nyingine ndogo kwa ajili ya wapishi, inayotengwa kabla sufuria halijafunuliwa. Hiyo ya mwisho isisahaulike. Nimeona harusi ambako wageni walikula mara mbili na wapishi wakagawana ukoko.

Watoto walishwe mapema, saa saba mchana, peke yao, wakae kwenye mkeka. Mtoto aliyeshiba hachezi na nyaya za spika.

SHERIA YA TATU: PAMBA KWA VILIVYOMO KIHAMBANI

Shemeji atakuja kutoka Dar na sanduku la puto na karatasi za fedha. Ametumia hela yake na ana upendo mwingi, kwa hiyo msimkatishe tamaa: mpeni ukuta mmoja, ule ulio nyuma ya meza ya maharusi, autawale. Penginepo pote pambeni kwa vya shambani.

Langoni simamisheni migomba miwili, mmoja kila upande, na mingine kando ya njia hadi barabarani. Mgomba huzaa mara moja tu maishani. Ukishakatwa mkungu, shina lake hukatwa lipishe machipukizi. Chagueni basi iliyokwisha kuzaa, hapo hamjapoteza hata chane moja. Kati ya mgomba na mgomba fungeni maua ya boganvilia, maana Desemba yamewaka kwenye kila ua. Sherehe ikiisha, mashina na majani hayo hukatwakatwa na kupelekwa zizini, na ng'ombe wenu nao wakala harusi. Puto haliliki. Okoteni kila kipande kabla ya kulala, kwa sababu plastiki tumboni mwa ng'ombe ni msiba, na msiba juu ya harusi hakuna aliyeuchangia.

Kisha kuna sale. Majani yake marefu ya kijani hupendeza yakifungwa kwenye viti na nguzo, lakini sale si ua la kuchuma ovyo. Ndilo linalopandwa mipakani mwa vihamba, yaani mashamba yetu ya nyumbani, na ndilo jani analoshika Mchagga anapokwenda kuomba radhi. Kwa hiyo usichume kwenye mpaka bila kumwambia jirani. Na kama nyumbani kwenu kuna ndugu wawili ambao hawajasalimiana tangu shamba ligawanywe, jani la kwanza la msimu lisifungwe kwenye kiti. Lipelekwe kwa huyo ndugu, wiki moja kabla, na mtu mzima anayeheshimika. Nimeshuhudia turubai lililopambwa likameremeta, watu wa tumbo moja wakalikalia huku na huku bila kutazamana. Hakuna kitambaa cha satini kinachoziba pengo la namna hiyo.

Mapambo ya Krismasi msiyaondoe kupisha ya harusi. Tawi la msipresi sebuleni linakaa vizuri na rangi yoyote mliyochagua, mradi liwe mbali na moto wa jikoni. Umeme wa LUKU ununuliwe mapema, na jenereta iwashwe kwa majaribio siku moja kabla, isije ikajulikana mbovu maharusi wakiwa gizani. Na lile pango la Mtoto Yesu, lililotengenezwa na watoto kwa udongo na nyasi, lisisogezwe ili keki ipate meza. Mtoto huyo alishakosa nafasi katika nyumba ya wageni. Asiikose sebuleni kwetu.

SHERIA YA NNE: NDIZI ZIHESHIMIWE

Mgeni anaweza kusamehe wali ulioshikana. Mtori mbaya hausamehewi, utasimuliwa mpaka harusi ya mtoto wa maharusi hao.

Tafuteni ndizi mshare, mbichi na ngumu. Kabla ya kumenya, pakeni mikono mafuta ya kula. Hiyo ndiyo dawa ya utomvu niliyoijua nikiwa nimechelewa. Kila ndizi iliyomenywa iingie kwenye maji papo hapo isiwe nyeusi. Nyama yenye mifupa, hasa ya mbavu, ichemshwe mwanzo mpaka ilegee, kisha ndizi ziingie na vitunguu zipikwe hadi mwiko uzipite bila kupingwa. Toeni mifupa, pondeni, ongezeni maziwa au siagi, chumvi, basi. Mtori wa harusi uwe mwepesi wa kunyweka. Ndicho chakula anachopewa mzazi aliyejifungua, na kumkaribisha nacho mgeni aliyetoka safarini ni kumwambia kwamba mmemwona amechoka.

Kiburu, ndizi na maharage kwa magadi kidogo, kipikwe kwa ajili ya wasiokula nyama na kwa wazee ambao wamekula pilau za harusi za kutosha. Machalari yawepo pia, nyama na ndizi zikiwa vipande. Lakini aina tatu za ndizi zinatosha. Mezani pakiwa na vyakula kumi na viwili, sahani haiongezeki upana. Kinachoongezeka ni idadi ya watu walionaswa jikoni.

SHERIA YA TANO: MNYAMA ACHINJWE ILI WOTE WALE

Tuna ndugu, majirani na marafiki Waislamu, na njia ya kuwakaribisha kweli ni rahisi: anayechinja awe Mwislamu, kwa wanyama wote, mbuzi wa ndafu akiwamo. Hapo hakuna haja ya kuweka kimeza cha pembeni kwa ajili ya "wale wengine". Kisusio, kwa kuwa kina damu, kipikwe kwenye sufuria lake, na mwiko wake, mbali na jiko kuu, na anayekigawa aseme wazi ni nini. Wasabato nao watawashukuru.

Kuhusu mgawo wa nyama, kila kiungo kina mwenyewe, na mgawo wa Machame si lazima uwe wa Rombo. Muulizeni mzee wa ukoo kabla kisu hakijaingia. Kidari kikishapikwa kimakosa hakirudi kuwa kidari, na mjomba aliyekosa haki yake ana kumbukumbu ndefu kuliko video ya harusi.

Mjomba wa namna ya pili ni yule anayepita jikoni kila baada ya dakika kumi "kuonja chumvi". Kumfukuza ni kukosa adabu, na kumwacha ni kukosa nyama. Mpeni cheo. Tangazeni mbele ya watu kwamba yeye ndiye mwonjaji wa ukoo, apewe kiti, sahani moja na kijiko kimoja, na aitwe saa mbili kabla ya chakula kutoka. Mtu mwenye cheo hujizuia, na hata nasaha zake za chumvi huwa bora.

SHERIA YA SITA: CHAKULA KIFUATE SAA YA KULIWA

Hapa naomba tusikilizane kwa makini. Desturi yetu ni kupika kila kitu asubuhi "ili tusichelewe", chakula kikakaa kimefunikwa mpaka saa mbili usiku. Shirika la Afya Duniani linashauri chakula kilichopikwa kisikae zaidi ya saa 2 katika joto la kawaida, na kinachosubiri kuliwa kibaki cha moto, zaidi ya nyuzi 60. Wali una hatari yake. Umo mdudu aitwaye Bacillus cereus, ambaye mbegu zake hustahimili kuchemka. Wali ukipoa polepole ndani ya sufuria kubwa, mbegu hizo huamka na kutoa sumu, na kuupasha moto baadaye hakuiondoi. Wageni wakiharisha tarehe 29, lawama haiendi kwa ratiba ya MC. Inakwenda kwa mama aliyepika.

Dawa ni kupika kwa mawimbi. Wimbi la kwanza, dogo, ni la watoto na wafanyakazi, saa saba. Wimbi la pili ndilo la wageni. Nyama ya pilau ichemshwe mapema, vitunguu vikaangwe, viungo vitwangwe, vyote viwe tayari. Lakini mchele usiingie. Maharusi wakitoka kanisani wataenda kupiga picha, na picha za harusi hazijawahi kuisha kwa muda uliotajwa. Mpeni kijana mmoja simu na kazi moja tu: apige msafara unapoondoka mahali pa picha. Simu hiyo ikilia, mchele unaingia. Lainisheni majani ya mgomba juu ya moto, funikeni nayo sufuria ndipo muweke mfuniko na makaa juu. Pilau itaiva wakati nyimbo za kuingia zinaanza.

MC naye apewe karatasi moja inayosema: hotuba tatu kabla ya chakula, zilizobaki baada yake. Asiyeridhika aelekezwe kwa bibi wa mbege.

SHERIA YA SABA: JIKO LIWE NA MKUU MMOJA NA ZAMU MBILI

Hii ndiyo sheria iliyonifanya niandike zote. Chagueni mkuu wa jiko, mmoja, wiki mbili kabla, na neno lake liwe la mwisho hata kwa wifi aliyesomea mapishi. Kisha gawanyeni watu mara mbili. Zamu ya kwanza inapika asubuhi na kuona sherehe jioni. Zamu ya pili inakwenda kanisani asubuhi na kushika miko jioni. Majina yaandikwe kwenye karatasi, ibandikwe kwenye mlango wa stoo, na ufunguo wa stoo ashike mkuu wa jiko.

Wanaume wawemo katika zamu zote. Kwetu mwanamume huchuna, hukata na kuchoma nyama bila kuambiwa ni kazi ya wanawake. Mkono huohuo unaweza kumenya ndizi, hasa ukipakwa mafuta. Vijana waliokuja kutoka mjini na simu za kupiga picha wapewe ndoo kwanza.

Sare za wapishi zishonwe mwanzo, kabla ya za kamati. Nyuma ya jiko pawekwe beseni la maji safi, sabuni, kioo na kamba ya kutundikia vitenge vyao. Na kwenye turubai viwekwe viti vyao, safu ya pili, vikiwa na majina. Kiti kisicho na jina hukaliwa, na mpishi akifika akakuta pamejaa, husema "hamna shida" na kurudi jikoni. Nimesikia "hamna shida" hizo nyingi mno.

Mwisho wa yote huja ndafu: mbuzi dume aliyehasiwa na kunoneshwa, akapakwa chumvi, limau, tangawizi na kitunguu saumu, kisha akachomwa mzima kwa saa kadhaa juu ya makaa, akigeuzwa taratibu. Huingia na shangwe akiwa amesimama mezani na majani mdomoni, na watu humwita keki ya Kichagga. Maharusi humkata na kuwalisha wazazi wa pande mbili. Ndivyo ilivyo, na ndivyo ibaki.

Mwaka jana, kwenye harusi ya binamu yangu, tuliongeza jambo moja dogo. Wazazi walipokwisha kulishwa, bibi harusi alichukua kipande kingine kwenye sahani, akashika gauni lake kwa mkono wa pili, akashuka kutoka jukwaani mpaka safu ya pili. Mama mdogo alikuwa ameketi kwenye kiti chenye jina lake, kitenge kipya, mikono ikinukia sabuni. Hakuelewa mpaka nyama ilipomfika mdomoni. Vigelegele vilipopigwa alikuwa wa kwanza kuvijibu, na sauti yake ilitokea katikati ya turubai.

Stendi nilimsindikiza kama zamani. Safari hii hakuniuliza kitu. Alinisimulia yeye, kuanzia maua ya gauni hadi kiatu cha bwana harusi, mpaka kondakta alipompigia kelele apande.